Kinu Yenye Haina Kintu

Kamina, tarehe 17 mwezi wa munane 1953

Njo vile, Léa mudogo wangu, gari ya moshi ililia mbele nimalize, na barua yangu ya juma ile ingine ikaenda na kichwa bila mukia. Nilikuwa nimefika pale Abner wako alipanda juu ya wagon. Nitarudia pale pale. Lakini kwanza, uko namna gani? Mugongo wako inasema nini? Na samaki ya Bukama iko inapatikana? Huku shiye tunapumua. Mafua inatupita moja-moja sawa bantu mu mustari wa komunyo ku kanisa, lakini hakuna mwenye alilala ku kitanda. Batoto bako batatu biko bazima, bananona. Noémie amekuwa murefu, hata kanzu yako ya bluu inamutosha. Pokea salamu yabo sasa, juu sijui kama nafasi itabaki.

Tena funga mulango. Nasema kweli, funga, na usomee peke yako. Siku zote nalomba mutoto wa katekista aniandikie, leo naandika na mukono yangu. Kama herufi zinalala ubavu, uzisimamishe weye.

Basi, Abner alipanda juu ya wagon yenye ilikuwa inasimama, na Malachie ndugu yake chini anaingiza fimbo mu magurudumu. Wagon ikatembea. Kidogo tu, sawa muntu anageuka mu usingizi, lakini ngozi ya kisigino ya Malachie ilibaki ku chuma. Polisi wa gare alibaleta nyumbani na masikio mu mukono, akasema mara ya pili ataandikia baba yabo. Minyi nikaapa palepale: batoto haba, mpaka masomo ianze tena, habatoki mu lupango, habapiti fensi yangu.

Kuapa ni kitu ya rahisi, mudogo. Konje ya masomo ni juma na juma! Batoto batatu mu lupango moja, bila balo ya kupiga, bila kitabu, na minyi sina hata ya kununulia bombo ya sukari. Siku ya kwanza balihesabu kuku. Siku ya pili kuku zikakimbia. Nikafunga balo ya bitambaa, mbuzi ya Clémentine jirani yangu ikaikula. Nikabatengenezea motoka za mabua, zikavunjika mbele bukari ya muhogo iive. Nikatega vitendawili mpaka Malachie akaanza kunitegea yake, yenye haina jibu, na anakasirika kama sijibu. Sinema ya ba-père ba misioni ni mara moja kwa juma, tena shiye tunakaa nyuma ya kitambaa, tunaona bantu bote banaandika na mukono wa kushoto.

Njo kutoka mu ile sinema Noémie alisema: mama mukubwa, shiye pia tunaweza. Tukatundika shuka yangu mu lupango, batoto banatoka nyuma yake, banacheza hadithi. Kuingia ni muhindi moja, ao kiazi, ao kuni tatu. Léa, bantu balikuya! Juma mbili sikwenda kutafuta kuni. Clémentine alikuwa anafika wa kwanza na karanga yake, ananyoosha miguu mbele ya bote, anacheka mpaka kitambaa inamutoka mu kichwa. Nani anaangalia gare tena? Abner alikuwa mufalme mu lupango.

Hadithi za Kabundi, ule nyama mudogo wa werevu, ziliisha mu siku ine. Siku ya tano bantu banasema hii tunaijua. Kuni zikapunguka. Nikamona Abner anasimama ku fensi, anasikiliza wagon. Njo pale mchezo ingine ilitokea, batoto balijitungia bo benyewe, sijui balitoa wapi. Batoto biko na masikio.

Kaa chini, Léa. Kama uko umesimama, kaa.

Mu ule mchezo Noémie ni bibi wa karani. Abner ni karani mwenyewe, na shapo ya marehemu bwana yangu ku kichwa na krayo ya kuandikia ku sikio. Malachie analala chini ya mukeka: ni ndugu wa bibi, anajificha mu matete. Karani akienda ku biro, bibi anabeba kinu yenye haina kintu, hakuna muhogo, hakuna muhindi, anatwanga mara tatu: po, po, po. Ndugu anatoka, anakula, anarudi mu matete. Karani anafika, anauliza: bibi, unatwanga nini, na muhogo iliisha tangu jana? Bibi anasema: nafukuza panya mu kinu. Pale bantu banaanguka na kicheko. Na mchezo inasimama pale pale ku panya, juu mwisho haikupatikana. Batoto banapitisha kikapu, tunaenda kulala.

Juzi, siku ya posho, Philémon bwana yako, karani wa kweli, akafika bila kutangaza. Alisema alitaka kumona batoto, alileta mukate na sardine mbili. Nikamupa kiti ya mbele. Shuka ilikuwa imekwisha kutundikwa, ningesema nini? Abner alipotoka na krayo yake, Philémon alicheka mpaka akatoa lunette, akapangusa macho. Kisha Noémie akashika muti wa kutwangia. Po. Alikuwa angali na kicheko ku mulomo. Po. Kicheko ikaenda. Ya tatu, akaweka mukate chini mu vumbi.

Hakulalamika. Alimuita Noémie polepole, na ile sauti ya polepole njo iliniogopesha. Akamuuliza bibi anatwanga mara ngapi. Mutoto akasema tatu. Saa gani? Wakati jua inagusa daraja. Kisha akamuuliza: na huyu bibi, juu ya nini hamuambie bwana yake? Noémie akainua kidevu, na muti wa kutwangia mu mukono, akamujibu mbele ya bantu bote: juu bwana yangu anapenda karte yake kupita ndugu yangu.

Bantu bakapiga mikono. Clémentine akapiga kigelegele, masikini, yeye hajui kintu. Philémon akavaa shapo, akaenda kulala kwa bandugu ba kanisa yabo ya Méthodiste. Tangu ile siku hajagusa bukari yangu.

Mudogo wangu, weye na minyi tunajua nani analala mu matete. Tangu Kitwa ndugu yetu avunje meno mbili za ule kapita mwenye anasimamia kazi ya njia, tangu polisi banamutafuta, weye njo unamukulisha. Meno mbili! Kapita alitukana mama yetu mu kaburi, na juu ya meno mbili banataka kumufunga mu buloko ya polisi na fimbo juu. Na sasa Philémon iko na po tatu mu kichwa. Akitwanga yeye mwenyewe jioni, Kitwa atatoka sawa mbuzi anafuata chumvi.

Minyi simuite mubaya. Mwezi ule unakuya bazungu banakuya kumuangalia nyumba, banafungua hata masufuria, juu ya ile karte ya serikali, ya bantu ba mwenendo muzuri. Bakikuta alificha muntu wa buloko, hakuna karte, hakuna kazi, labda hakuna yeye mwenyewe. Muntu mwenye iko na batoto batatu anaogopa. Nami ningeogopa. Lakini sijui atachagua nini.

Philémon atapanda gari ya bantu kesho asubui, anarudi Bukama. Constant, mutoto wa nkambo Kisimba, anatumika mu gari ya mizigo, yake inaenda leo. Atakutilia hii barua mu mukono. Kesho, mbele jua iguse daraja, tuma muntu kwa Kitwa: akisikia kinu, asitoke. Hata ilie tatu, hata ilie makumi tatu, asitoke.

Sasa njo neno yenye inanichoma. Nilikuandikia pale juu, batoto balijitungia bo benyewe. Nilikubeya bongo, nilikudanganya. Ni minyi. Ku Pasaka uliniambia, ukaniapisha ku rozari ya mama, na minyi nilishika miezi ine, minyi huyu! Ilikuwa sawa kala la moto mu mulomo. Lakini kuni zilikuwa zinapunguka, Abner anaangalia gare, na ile jioni Clémentine akapiga muayo. Muayo moja, Léa. Nikabaita batoto nyuma ya nyumba. Nilibadilisha majina, nikasema ni muto wa inchi ingine, nikafikiri inatosha. Kinu nikaiacha, juu kinu njo yenye inachekesha.

Maneno yote nilimufundisha Noémie, ila moja tu sikumufundisha. Ile ya karte haikutoka kwangu. Jana nilimuuliza nani alikuambia vile. Akasema hakuna muntu, yeye anakaa tu mu ile nyumba.

Sikuombe unisamehe leo, uko na kazi ya haraka. Nisalimie mama mukwe wako, nisalimie ule mwenye anauzisha samaki pembeni yako, umuambie ile kitambaa yake bado

Ngoja. Noémie ameingia anakimbia. Baba yake iko ku mulango wa lupango, hataki kuingia. Anasema siku ile aliondoka mbele mchezo iishe. Anauliza inaishaka namna gani. Ule karani, akijua, anafanya nini? Anataka nimuambie minyi, hataki batoto.

Léa, maisha yangu yote nasema bule, na leo muntu ananingojea juu ya neno moja, na sina mwisho. Constant naye anapiga mulizi kule njiani, anataka barua.

Kitwa asitoke. Naenda kumujibu.

Augustine