Sababu ya Safari: Matembezi

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nakuandikia kwa heshima na kwa kalamu ya ofisi. Msaada ninaoutaka ni wa mstari mmoja tu wa fomu, ila ili uuelewe huo mstari itabidi nikueleze yote, na mimi si mtu wa maneno mengi.

Mimi ni afisa wa mpakani, dirisha namba mbili, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Mji wetu uko huku, mji wao uko kule, katikati kuna kizuizi cha chuma na mimi. Kazi yangu ni kuwauliza watu kwa nini wanavuka, kuandika walichosema na kugonga mhuri, na nakwambia Shangazi, watu wanavuka kwa sababu ambazo mtu anayeishi mbali na mpaka hawezi kuziamini, kuna wanaofuata sabuni ya kufulia eti ya kule inatoa povu zaidi, kuna wanaokwenda kung'oa jino, kuna fundi cherehani anayefuata uzi wa rangi moja tu, kuna mzee anayevuka kila Ijumaa kwenda kunyolewa kwa sababu kinyozi wa huku alimkata sikio mwaka ule naanza kazi na mpaka leo hajamsamehe, na kuna mama mmoja huvuka kwenda kugombana na dada yake, akirudi uso umechangamka kabisa. Yule huniambia anakwenda kumsalimia ndugu, nami naandika hivyo hivyo. Nimewazoea. Mwenye sababu ya kweli huisema kwa neno moja, na mwenye la kuficha hunimwagia hadithi nzima pamoja na jina la mgonjwa.

Sasa tangu binti yetu wa mwisho aolewe, mwaka jana, mke wangu naye anavuka. Kila Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye dirisha langu, amevaa gauni la bluu alilolivaa kwenye harusi ya binti yetu, ananukia mpaka karani wa mizigo anageuka, na mkononi ana kile kijitabu cha kuvukia ambacho sisi wakazi wa karibu tunapewa.

Hapo lazima nikueleze kuhusu waraka. Mkuu wetu wa kituo alitoa waraka kwamba kila msafiri atazamwe usoni, asalimiwe, aulizwe habari za nyumbani, ndipo yafuate maswali ya fomu, na mwisho atakiwe safari njema. Mimi waraka naufuata neno kwa neno, hata nikapewa cheti cha afisa mkarimu wa mwaka, nimekitundika sebuleni juu ya kiti anachokaa mke wangu. Kwa hiyo naye akifika dirishani namhudumia kama msafiri mwingine yeyote, sipendelei.

"Habari za asubuhi, mama?"

"Nzuri, afisa. Za kazi?"

"Njema. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani kimya."

"Sababu ya safari?"

"Matembezi."

"Una chochote cha kueleza?"

Swali hilo la mwisho linahusu mizigo. Kwa kawaida husema hana. Lakini Jumanne moja alishika ukingo wa dirisha, akageuka akatazama watu waliokuwa nyuma yake, akaniambia, "Leo foleni ndefu, afisa. Siku nyingine." Nikamtakia safari njema.

Nyumbani hatugombani, Shangazi, nisije nikaeleweka vibaya, ila mimi nikitoka kazini nimeshaongea na watu mia tatu, mdomo umechoka, kwa hiyo naupumzisha, nakula, naangalia taarifa ya habari, nikitaka chumvi naionyesha kwa kidole naye ananisogezea. Jumanne jioni simwulizi alikokwenda kwa sababu nilishamwuliza asubuhi na jibu lake liko kwenye daftari.

Lakini roho ikawa juu. Harudi na sabuni, harudi amesukwa, meno yake yote yapo. Hurudi na kiberiti kimoja tu, kila safari, na kabati la jikoni sasa limejaa viberiti na sisi tunapikia umeme. Na anakaa kule kama nusu saa hivi. Nikampigia simu mwenzangu wa dirisha la upande wa pili, nikajitia naulizia mtandao, halafu nikamwomba amwangalie. Akanipa ripoti: "Shemeji anakaa kwenye benchi lile karibu na choo cha abiria, anakunywa chai, anatazama saa, ananunua kiberiti, anarudi." Nikamwuliza anaongea na nani. Akasema, "Haongei na mtu. Jamani, kwani mna nini nyinyi?"

Kwa uzoefu wangu, mwanamke aliyejipamba, anayetazama saa, anamsubiri mwanaume. Huyo mwanaume ni mjanja kupita kiasi au ni mpumbavu, maana huu ni mwaka na zaidi na hajatokea hata mara moja. Na kinachoniuma zaidi ni dharau, kwa sababu wakati wa kurudi dirisha namba moja huwa tupu, kuna kijana pale anapiga miayo, lakini mke wangu anapita, anakuja kusimama kwenye foleni yangu, nyuma ya watu ishirini na magunia yao, ili mhuri wa kurudi niupige mimi mwenyewe. Huko si ndiko kunisimanga?

Sasa kijitabu chake kimebaki ukurasa mmoja. Jumanne ijayo atautumia, basi. Ameleta fomu ya kuomba kijitabu kipya, ameijaza vizuri, mwandiko wake mzuri, ila pale panapoulizwa sababu ya maombi ameandika, "Afisa ataijaza." Mkuu wa kituo ameniambia, "Ama uijaze, ama uikatae, fomu haikai mezani." Mhuri wa kukataa nimeshautia wino mara mbili. Nikiikataa hatavuka tena, na kusema kweli naogopa sijui nini, kwa sababu Jumanne ndiyo siku pekee ya wiki ninayoisubiri, na mimi sipendi kuisubiri.

Nijaze nini? Na huyo mwanaume ni nani?

Wako,
Afisa wa Dirisha Namba Mbili

*

Marahaba, afisa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikatafuta kitu cha kukurushia, nikakuta niko mbali.

Tuanze na huyo mwanaume, maana ndiye aliyekukosesha amani. Yupo. Mke wako anajipamba kwa ajili yake, anajitia manukato kwa ajili yake, anaiacha foleni tupu akapange foleni ya magunia ili amfikie. Akiwa naye huyo mwanaume anamtazama usoni, anamwuliza habari zake, anamwita mama, anamtakia safari njema. Huyo mwanaume ni wewe. Saa nne asubuhi, dirisha namba mbili.

Ng'ambo hafuati kitu, ndugu yangu. Anavuka kwa sababu hakuna njia nyingine ya kufika mbele ya dirisha lako. Ile nusu saa kwenye benchi ni ya kungoja iwe halali kurudi, na kiberiti ni cha kuondoa aibu. Mwenzako wa upande wa pili ameliona hilo kwa kutazama mara moja tu. Wewe mwenye miaka kumi na tisa ya kuwasoma watu unashindwa kumsoma mtu unayelala naye kitanda kimoja?

Na hakukuficha. Ulisema mwenyewe kwamba mkweli hujibu kwa neno moja. Alikujibu neno moja, matembezi, ukalifanyia upelelezi. Ulimwuliza habari za nyumbani, akakwambia nyumbani kimya. Mtoto wa mwisho ameondoka, nyumba nzima imebaki na televisheni na kidole chako kinachoonyesha chumvi, mwanamke anakwambia kimya, wewe unarukia swali linalofuata! Hilo jibu uliliandika wapi? Hukuliandika, kwa sababu fomu haina nafasi yake. Kisha ukaenda ukatundika cheti cha ukarimu juu ya kichwa chake. Kishushe leo hii. Sitaki maelezo.

Sisemi wewe ni mtu mbaya. Najua kuchoka kwa mdomo ni kuchoka kweli. Mimi mwenyewe kazi yangu ni shida za watu, na mume wangu ameshawahi kunilalamikia kwamba nyumbani namjibu kama namjibu msomaji. Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Na wewe hapo mwishoni umeandika kwamba Jumanne unaisubiri. Hilo ndilo la maana katika barua yote, nawe umelisema kwa kunong'ona, ukalifunika na mhuri. Unampenda mke wako, afisa. Tatizo lako ni kwamba unampenda saa za kazi tu.

Basi sikiliza, na usinibadilishie utaratibu.

Mhuri wa kukataa urudishe kwenye droo. Fomu usiijaze na usiikatae. Mwambie mkuu wako kwamba mwombaji ni mkeo na hukupaswa kuishika tangu mwanzo, jambo ambalo nadhani hata kwenye huo waraka wenu lipo. Atakufokea. Mwache afoke.

Jumanne omba ruhusa. Vaa shati zuri, na wewe jitie manukato, pua ya karani wa mizigo haitadhurika. Toka nyumbani pamoja naye. Nendeni kwenye dirisha la yule kijana anayepiga miayo, msimame upande wa wasafiri, na akikuuliza sababu ya safari, mjibu kwa sauti mke wako asikie: "Namsindikiza mke wangu." Kijana atakodoa macho. Hiyo ni shida yake.

Mkifika kule kaeni kwenye benchi lile. Ndiyo, karibu na choo, yeye amelivumilia mwaka mzima. Mnunulie chai. Umwambie habari moja yako wewe, yoyote, hata ya yule mzee wa sikio, maana naweka dau hajawahi kuisikia, wakati mimi nisiyekujua nimeisikia. Usimwombe msamaha kwa lugha ya ofisi. Sema umekosea, kisha kunywa chai.

Jioni, mkisharudi nyumbani, zima televisheni. Chumvi iombe kwa mdomo. Halafu mtazame usoni kama waraka wenu unavyotaka, na umwulize lile swali la mwisho, kama ana chochote cha kueleza.

Ukishauliza, nyamaza umsikilize mpaka amalize. Safari hii hakuna mtu nyuma yake.

Shangazi