Mbegu Niliyomfungia Mama Yako

Mjukuu wangu Masanja,

Marahaba, baba. Huku Samuye tunapumua, ingawa mvua imetusahau na babu yako bado anakohoa.

Umeniuliza kwa nini nilimwacha mkeo arudi Geita bila mbegu ya muhogo, naye aliniomba kwa heshima. Haikuwa choyo.

Mama yako alipoolewa Kishapu, nilimkatia miti ya muhogo uliostawi kuliko yote shambani, nikaifunga kwa kanga yangu. Kwetu binti haendi kwa mume mikono mitupu. Ilishika vizuri, hata mama mkwe wake akanisifu. Siku ya kuvuna wakakuta mihogo imeoza kwa ndani, kahawia tupu. Ni ugonjwa wa michirizi. Hubebwa na mbegu, na majani huuficha.

Njaa ile ndiyo iliyowapeleka wazazi wako machimboni. Alikozikwa mama yako unakujua. Hakunilaumu hata siku moja. Alisema, "Mama, ulinipa kilicho kizuri."

Bwana shamba ameahidi mbegu safi. Ikifika, mkeo atakuwa wa kwanza. Mihogo yangu imesimama shambani, mizuri kama ile niliyomkatia mama yako. Ndiyo maana naiogopa.

Bibi yako