Nyumba Niliyompambia Baba

Jumapili, Igowole. Ukungu ulioshuka alfajiri haujaondoka na sasa ni alasiri. Juni ya huku ndivyo ilivyo, unaanika nguo na unazianua zikiwa na maji yale yale. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinagoma kuandika.

Wale mlioiona picha ya sebule niliyoweka jana hapa kwenye shajara yangu ya mtandaoni, mkarudi leo mkaikuta haipo, macho yenu hayana tatizo. Nimeifuta mwenyewe.

Wengi mliandika maneno mazuri. Mmoja alisema anatamani angezaliwa kwenye nyumba kama hii. Mwingine akasema baba yangu ana bahati kuwa na binti kama mimi. Ni hilo la pili lililonifanya niifute.

Ngoja nieleze kwa utaratibu, maana kichwa changu chenyewe leo hakina utaratibu.

Mama alifariki mwaka jana, mahindi yakiwa yanakauka shambani. Mimi nafanya kazi Mbeya, nikafika kumzika. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu aliyeolewa na Mhehe, fundi mitambo wa kiwanda cha chai, na nyumba hii walijenga wenyewe kwa matofali ya kuchoma. Ndogo tu, sebule na vyumba viwili. Lakini ina sehemu ya moto ukutani na dohani juu ya bati, kwa sababu mama alisema wakati wa posa hakuna aliyemwambia habari za baridi ya Mufindi.

Mimi ni mtoto wao pekee. Matanga yalipoisha na watu kutawanyika, nilimwomba baba twende wote Mbeya. Akakataa. Alisema ana viazi vyake, ana kanisa lake, na Mbeya kuna kelele. Nikarudi peke yangu nikiwa na moyo mzito. Nikawa kila usiku namuwazia mzee wa watu yuko ndani ya nyumba tupu.

Ndipo nikaanza kuipamba.

Vitu vya mama vilikuwa vimefichwa kila mahali, chini ya kitanda, darini, kwenye ghala la mahindi. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nakuja na kutoa kimoja, nakisafisha, nakitafutia mahali. Vikapu vyake vya nyasi za milulu nilivipanga ukutani kuanzia kikubwa hadi kidogo. Vitambaa alivyofuma kwa mkono nikavifua, nikavipiga pasi, nikavitandika kwenye makochi. Taa ya chemli nikaiweka juu ya sehemu ya moto, kando yake redio ya mbao iliyokuwa ya babu. Vikombe vya bati vyenye maua ya bluu nikavitundika jikoni kwenye misumari. Cherehani yake ya kukanyaga nikaitoa vumbi, nikaiweka chini ya dirisha, na juu yake chupa ya maua. Picha ya harusi yao, ile ya rangi nyeusi na nyeupe ambayo baba kavaa suti ya kuazima, nikaipeleka Mbeya ikatiwa fremu mpya.

Na koti lake. Lile la kijani, la sufu, alilokuwa anavaa kwenda kukamua. Nililitundika kwenye kigingi nyuma ya mlango, mahali pake pa siku zote, na gambuti zake nikazipanga chini.

Nilijivunia lile koti kuliko vyote. Nilipoingia na kulikuta pale, kwa sekunde moja mama alikuwa hai.

Baba alikuwa ananisaidia. Nikisema hapa, anapiga msumari hapa. Nikisema hapana, juu kidogo, anaung'oa na kuupiga juu kidogo. Nikimuuliza, "Baba, umependa?" anajibu, "Pamependeza, mwanangu." Baba yangu si msemaji. Nikaamini.

Jana nilikuja na saa ya ukutani waliyopewa na wajomba zake mama siku ya harusi. Ilikuwa imekufa miaka mingi, nikampata fundi Mbeya akaifufua. Basi liliposimama Chimala nikamnunulia baba mchele, na njia nzima nimeipakata ile saa kama mtoto mchanga. Tulipoitundika ikaanza kugonga, baba akasimama mbele yake, mdomoni misumari miwili. Akasikiliza. Halafu akaitoa misumari mdomoni, akasema anakwenda kuangalia viazi.

Nikapiga picha. Nikaiweka hapa. Mkaipenda.

Asubuhi ya leo niliamka nikaenda jiko la nje kuwasha moto wa chai. Mama Upendo, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, akaja na maziwa kama kawaida yake. Tukasalimiana.

"Kamwene, Sekela! Umefika lini?"

"Kamwene, mama. Jana jioni."

Akaweka chupa ya maziwa juu ya kinu, akatazama kona ya jiko ambako kulikuwa na kitu kimekunjwa na kufunikwa kwa turubai. Nilidhani ni magunia.

"Aah, ndiyo maana godoro limekunjwa," akasema. "Baba Sekela leo kalala ndani?"

Sikuelewa. Nikamwambia baba analala ndani siku zote.

Yule mama aliona uso wangu akajua amefungua mlango ambao hakutumwa kuufungua. Akaanza kufunga kitenge chake upya, na kilikuwa kimefungwa vizuri. Nikamshika mkono.

"Mama Upendo, niambie."

"Mwanangu, mimi nilidhani unajua." Akashusha sauti. "Analala humu jikoni. Tangu ile miezi ya mvua. Mimi huwa naona moto asubuhi na mapema, namkuta hapo kajifunika blanketi. Nikamwambia, Baba Sekela, utapata nimonia, nyumba nzuri ile unamwachia nani? Akaniambia nyumba ina mwenyewe."

Nyumba ina mwenyewe.

Nililifunua lile turubai. Godoro dogo lililobonyea katikati, blanketi lenye harufu ya moshi, tochi, Biblia. Kumbe baba yangu, mwenye nyumba ya matofali yenye sehemu ya moto, alikuwa analala chini kwenye majivu kama mlinzi. Na kila nilipokuja mimi alikuwa anakunja godoro na kuingia ndani ili nisijue.

Kanisani sikusikia mahubiri. Baba alikuwa upande wa wanaume, nikawa naangalia shingo yake. Amekonda. Nawezaje kuja kila mwezi, nikapima kwa macho umbali kati ya kikapu na kikapu, nisiuone mfupa wa shingo ya baba yangu?

Tuliporudi nilimkaribisha chai sebuleni. Akakaa kwenye ncha ya kochi, kwa adabu, kama mgeni. Ile saa ilikuwa inagonga juu yetu.

"Baba, kwa nini unalala jikoni?"

Hakushtuka. Akaangalia kikombe.

"Nani kakwambia?"

"Nimeliona godoro."

Akanyoosha kidole kuelekea mlangoni.

"Lile koti," akasema. "Kila nikiamka nalisalimia. Najua ni koti, Sekela. Sijachanganyikiwa. Lakini mdomo unatangulia. Siku moja nimekaa hapa hapa nimemaliza chai niliyoipika mwenyewe, nikasema *ndaga*. Nikasubiri aitikie."

*Ndaga* ni asante kwa Kinyakyusa. Ndilo neno pekee la kwao mama ambalo baba alijifunza katika ndoa yote ile, na alilitumia kila alipopewa chakula.

"Nikigeuka huku namkuta," akaendelea. "Nikigeuka kule namkuta. Nikinyoosha mkono, hayupo. Mchana naweza, natoka naenda shamba. Usiku mwanangu siwezi. Kule jikoni kuna masufuria tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unakuja na uso wa furaha. Tangu tumzike mama yako sikuwahi kukuona na uso ule ila ukiwa unapanga hivi vitu. Nikasema, acha apange. Mimi jiko linanitosha."

Nikaweka kikombe changu chini.

Nilikwenda mlangoni nikalishusha lile koti. Lilikuwa zito, zito la ajabu, nikalikumbatia, na halina tena harufu yake. Lina harufu ya sabuni niliyolifulia mimi. Nikasimama pale nikilia kwenye kola ya koti, na baba akaja taratibu nyuma yangu, akaanza kushusha vikapu.

Basi tukaibomoa. Sijui kazi ile niiite nini kingine. Yeye anang'oa misumari, mimi nafunga vitu kwenye khanga. Vikapu, chemli, redio, vikombe. Saa aliishusha mwenyewe, akauzuia mshale kwa kidole mpaka ikanyamaza.

Nilipofika kwenye picha ya harusi akanizuia.

"Hiyo iache. Hiyo si yake peke yake, na mimi nimo."

Tukacheka wote wawili, na kicheko kile kiliniuma kuliko kilio.

Ikabaki cherehani. Nikasema nitatafuta gari niipeleke Mbeya, ingawa chumba changu cha kupanga hakina hata mahali pa kuweka ndoo ya pili. Baba akatikisa kichwa.

"Upendo kamaliza kujifunza ushonaji, hana mashine. Tumpe."

"Hiyo hapana, baba."

"Sekela."

"Hapana! Vingine vyote sawa. Kwenye hiyo mama aliniwekea miguu juu ya miguu yake akanifundisha kukanyaga. Sare zangu zote za shule zimetoka pale. Hiyo utaniua."

Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kumpandishia baba sauti. Hakukasirika. Aliinua ile chupa ya maua akaiweka chini, kisha akazungusha gurudumu kwa kiganja. Halikuzunguka. Lilikuwa limeshika kutu.

"Ulipoitoa ghalani ilikuwa bado inashona," akasema polepole. "Maji ya maua yameingia. Mama yako angeiona hivi angetuchapa wote."

Ni kweli. Maji ya maua yangu.

Nikakaa chini sakafuni. Sikusema ndiyo, ila sikusema hapana tena, na baba ananijua. Akatoka akarudi na toroli, na Mama Upendo nyuma yake akiwa na uso wa mtu anayeingia msibani. Baba akamwambia ataipaka mafuta, ataifungua yote, haitamshinda, amefufua mitambo mikubwa kuliko hiyo. Wakaibeba. Mama Upendo akanisogelea. Akanigusa tu kichwani kama ninavyomkumbuka mama akinigusa nikiwa na homa.

Sikutoka kuwasindikiza. Nilisikia gurudumu la toroli likikwaruza mawe ya njia, likaingia kwenye ukungu, nikalipoteza.

Nilipomzika mama watu walinishika huku na huku, waliimba, walipika, walinilaza. Leo nimemzika tena na nilikuwa peke yangu sakafuni, nyumba nzima ina matundu ya misumari.

Maana ukweli wenyewe ni huu, shajara, na sikuwahi kuuandika popote. Siyo baba aliyekuwa anaogopa nyumba tupu. Mimi ndiye niliyekuwa narudi Mbeya nikiwa na amani kwamba kuna mahali mama bado yupo, na kwamba mlango wake una kitasa ninachoweza kukishika kila mwisho wa mwezi. Sasa hakuna. Kuna picha moja na makochi mawili.

Baba alirudi kutoka kwa Mama Upendo mikono imejaa grisi. Kwa mara ya kwanza tangu nifike alikaa kwenye kochi hadi nyuma kabisa. Akauliza kama kuna chai iliyobaki. Kabla sijaimimina, kichwa kikaegemea, mdomo ukafunguka, akaanza kukoroma. Mkoromo wa fundi mitambo, ule ambao mama alikuwa anausema kwa majirani.

Nimemfunika blanketi. Nimekoleza moto. Sasa hivi nimekaa karibu yake na simu mkononi, naandika haya, na chozi linashuka bila sauti.

Kilio chenyewe nimekiahirisha. Kesho nikifika Mbeya nitafunga mlango wa chumba changu, nitalia mpaka niishiwe.

Hapa siwezi. Baba amelala.