Martha na Umbu Lake

Old Moshi, 14 Julai 2024

Mdogo wangu Ruth,

Salamu. Watoto hawajambo huko Holili? Sisi wazima. Ng'ombe amezaa ndama jike, na baridi imetuingia mpaka kwenye mifupa. Maneno haya siyawezi kwa simu, nitalia halafu utanikatiza, kwa hiyo nampa Filemon barua hii akileta ndizi sokoni kwenu.

Leo ni miezi miwili tangu tumzike mama. Watu bado wanakusifu. Eliona kaniambia mbele ya kwaya nzima, "Ruth alikaa na mama yake mpaka mwisho, amebarikiwa yule." Mimi nilimwogesha mama miaka sita. Nilimpikia mtori, nilimkata kucha. Wewe ulikuja siku tatu za mwisho, ukakaa kitandani pake ukamshika mkono, mimi nikiwa jikoni na masufuria ya wageni. Kisha mwinjilisti akahubiri kwenye mazishi habari ya Martha na Mariamu, kwamba Martha alihangaika na kazi za nyumba, na Mariamu, aliyekaa miguuni pa Yesu, alilichagua fungu lililo jema. Watu wote wakageuka kukutazama. Mimi nilikuwa na masizi mikononi.

Nakuuliza jambo moja. Mama alisema nini siku zile? Kila nilipoingia mlikuwa mkinong'ona, mkanyamaza. Usiponiambia, Krismasi usije. Nenda ukweni.

Ni mimi dada yako,
Elisifa

Holili, 2 Agosti 2024

Dada, shikamoo.

Barua nimeipata. Sisi hatujambo, mdogo tu ana mafua. Mama alisema mambo ya mgonjwa. Hakuna fungu nililochukua.

Krismasi nitafanya ulivyosema.

Mdogo wako,
Ruth

Old Moshi, 20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Ruth,

Hujambo? Mafua ya mtoto yameisha? Nilikaa kimya kwa hasira, lakini hili siwezi kukaa nalo.

Nasoma Biblia ya mama. Kwa Luka, kwenye lile fungu jema, sikutaka tena, nikaenda Yohana, sura ya kumi na moja: "Naye Yesu alimpenda Martha na umbu lake na Lazaro." Unakumbuka? Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mama akanipa nisome Biblia kwenye sala ya jioni, nikasoma "Martha na umbo lake." Baba alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Wewe ukaniita Dada Umbo mpaka nikapata kipaimara. Miaka hamsini nimeuruka mstari ule kwa aibu.

Juzi nilimuuliza mwinjilisti. Kumbe umbu ni dada, neno la zamani. Nikausoma upya. Umeona? Martha ametajwa kwa jina, tena wa kwanza. Lazaro ametajwa. Mariamu wako hana jina hapo, ni umbu tu. Mungu anisamehe, nilifurahi siku nzima.

Dada yako,
Elisifa

Holili, 3 Novemba 2024

Dada, shikamoo. Natumaini mvua imewafikia.

Kama umefurahi, furahi zaidi. Siku zile tatu mama hakuniita Ruth hata mara moja. Aliniita Elisifa. "Elisifa, umekamua?" "Elisifa, funga mlango, kuku wataingia." Siku ya kwanza nikamwambia, mama, ni mimi Ruth. Akasema, "Ruth yuko Holili, ana kazi zake." Nikaacha. Akiita Elisifa, naitika abee. Ulipoingia tulinyamaza kwa sababu niliogopa utamjibu, atambue kwamba mimi si wewe.

Asubuhi ya mwisho alisema, "Elisifa mwanangu, umechoka. Kaa."

Neno lile lilikuwa lako. Nimelificha karibu miezi sita. Nilikuonea wivu, dada. Nilitaka niondoke na neno moja tu la mama, hata kama si langu.

Mdogo wako,
Ruth

Old Moshi, 8 Desemba 2024

Mdogo wangu Ruth,

Hujambo, na nyumba nzima hawajambo? Nimechelewa kujibu. Nilipomaliza kuisoma barua yako ilikuwa saa nne asubuhi, ng'ombe hajanyweshwa, nikaenda kukaa kwenye kitanda cha mama. Nilikaa mpaka mchana. Sijawahi kukaa hivyo.

Sikuwahi kufikiria kwamba ulikuwa pale ukiitikia jina langu. Mimi niliona mkono wako ndani ya mkono wake, basi.

Nimerudi kwenye ule mstari. Nilidhani Yohana alimnyima Mariamu jina. Sasa nauona hivi, na mimi si mwinjilisti: ukimwondoa Martha, Mariamu hana pa kusimama pale, na ukimwondoa umbu, Martha anabaki na masufuria yake. Bwana aliwapenda hivyo hivyo, wakiwa wameshikana.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Jumapili Eliona alikusifu tena, nikachomwa hapa kifuani. Lakini nilimjibu, "Ni mdogo wangu yule."

Krismasi njoo na watoto. Utalala chumba cha mama. Safari hii masufuria utaosha wewe, mimi nitakaa na wageni niwasikie wanavyosema.

Mpaka hapo, ukiomba, unikumbuke.

Dada yako,
Elisifa