Jumba la Babu Jabalini

Ibra, Ijumaa, 1979

Sijui nicheke au nilie. Tangu tuko Unguja mume wangu akinisifia jumba la babu yake huku Omani. Leo tumekwenda kulitazama. Njiani tumepita maporomoko ya maji, tumeyapita mbio, hata miguu sikutia.

Kule juu gengeni, ukingoni mwa jabali, mchunga mbuzi katuonyesha jumba lenyewe: pango lililozibwa kwa mawe, limejaa mbuzi.

"Hodi!" mume wangu akaita. Akavua viatu, akaingia.

Mchungaji akasema, "Nyumba yenu hii. Mbuzi nitawahamisha."

Adabu tu ile, nilijua. Mume wangu akamshukuru huku analia.

Tumefika nyumbani ndo ananiuliza, "Mapazia ya kule utatia rangi gani?"

Na mie, Mungu anisamehe, nimemjibu kijani.