Pamba za Puani

Masama, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia ilishuka Kasulu, au kondakta aliipitisha tena mpaka Kigoma mjini? Na maharage ya bondeni, mvua imeyaacha? Mimi ni mzima. Neno hilo nimelipigia mstari makusudi, ili mdogo wangu Neema alisome kwa sauti kabla ya mengine yote. Neema, usiruke kitu na usilainishe kitu. Nakujua.

Mama, nilipopiga simu juzi ukaniuliza mbona sauti imekuwa nzito, nikakwambia ni mafua. Nilikudanganya. Nilikuwa nimepasuliwa pua. Niliogopa kukwambia kabla, na baadaye niliogopa kukwambia kwa simu, kwa sababu ungelia na mimi ningekata simu. Kwenye karatasi nina ujasiri kidogo.

Unajua mwenyewe miaka mingapi nimepumua kwa mdomo. Kule kiwandani wenzangu walinipa jina la Trekta kwa sababu ya kukoroma, nikacheka nao. Lakini mwaka huu pua iliziba pande zote mbili kabisa. Nilikuwa nikisinzia nashtuka nimekauka koo, moyo unapiga mbio kama nimefukuzwa. Harufu nilishasahau. Siku moja mkanda wa mashine ya kusaga miwa ulianza kuungua mita mbili kutoka nilipokaa. Watu wakatoka mbio toka upande wa pili wa jengo kwa harufu, mimi nimekaa pale pale nikinywa chai. Msimamizi alinivuta shati. Hakunigombeza, alisema tu niende hospitali, kwa sababu mtu asiyenusa moto yeye hawezi kumwacha karibu na mashine.

Hospitalini kule Moshi daktari, binti mdogo kwangu kwa umri, aliniingizia kamera nyembamba puani. Akanionyesha kwenye kioo. Ukuta wa katikati umepinda, na nyama zimeota kila upande, za rangi ya zabibu mbichi. Akasema nitapuliziwa dawa kwa wiki kadhaa, zikigoma zitakatwa na ukuta utanyooshwa. Ziligoma. Siku ya kupanga tarehe akanieleza taratibu: nitapimwa damu na presha, nitalazwa kwa nusu kaputi, sitasikia kitu. Nikawa naitikia kwa kichwa. Halafu akasema, kwa sauti ile ile, "Ukiamka utakuta tumekuwekea pamba puani, pande zote. Utapumua kwa mdomo kwa siku mbili."

Mama, nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la nje mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nina mtu wa kunichukua. Wewe unajua ni nani wa mwisho niliyemwona na pamba puani. Unajua ni vidole vya nani vilivyoziweka. Kuna jambo la siku ile sijawahi kukwambia. Nitalisema humu humu, lakini si sasa, acha kwanza nikusimulie haya.

Mama Aloyce, mwenye nyumba ninayopanga kule Mawenzi, ndiye aliyenisimamia. Ni mjane, anafuata ndizi gulioni Kwa Sadala na kuziuza mjini, na tangu nihamie kwake ameamua mimi ni wa kwake, nitake nisitake. Nilimwambia siku ya upasuaji na nikamwambia nimekatazwa kula wala kunywa kuanzia usiku wa kuamkia siku hiyo. Akasema amesikia. Alfajiri nikiwa nafunga viatu akagonga mlango na bakuli linalotoa moshi.

"Mama Aloyce, wamesema nisile."

"Chakula usile," akasema. "Huu si chakula, ni mtori. Mgonjwa anatokaje kwangu na tumbo tupu?"

Ni lazima uelewe, Mama. Huku mzazi aliyejifungua anapewa mtori, anayeumwa anapewa mtori, anayetoka hospitali anapokelewa nao. Ndizi zinapondwa na nyama na maziwa mpaka mchanganyiko unateleza wenyewe kooni. Kwa mama huyu kuukataa ni kukataa kupona. Na mimi nitasema ukweli, sikukataa sana. Nilikuwa nimeshikwa na hofu kiasi kwamba kitu cha moto tumboni kilinifaa. Niliumaliza, nikafuta mdomo.

Nesi alipouliza kama nimekula, nikasema sijala. Nikavalishwa gauni la kijani lililo wazi mgongoni, nikalazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Mlangoni kabisa mwa chumba cha upasuaji, akaja mtaalamu wa usingizi, mzee mfupi mwenye miwani, akainama karibu na uso wangu. Hakuuliza kama nimekula. Aliuliza, "Tangu jana usiku umeweka nini mdomoni? Hata kama ni maji."

Nilikuwa nimeingoja siku ile miezi miwili. Nikisema, nitarudishwa, na sijui kama ningepata tena moyo wa kurudi. Nisiposema, nitaingia mle ndani na uongo tumboni. Nikasema, "Mtori."

"Bakuli kubwa?"

"Kubwa."

Alivua glavu moja, akavua ya pili. Hakupaza sauti. Akaniambia mtu akilazwa vile koo lake linalala pia, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. "Ungenifia pale mezani," akasema, "bila hata kuinua kidole." Nikarudishiwa nguo zangu, nikapewa siku nyingine, wiki iliyofuata.

Nilipomweleza Mama Aloyce alikaa chini juu ya mkungu wa ndizi ambao angeuuza. Alisema kwa sauti ndogo kwamba alitaka kuniua. Nikamwambia aliyelazimishwa ni mimi lakini aliyemeza pia ni mimi, na aliyemwambia nesi uongo ni mimi peke yangu. Wiki ile hakutania kabisa. Siku mpya niliyopangiwa ilipofika hakuwasha jiko. Tulitoka naye kungali giza, akakaa nje ya chumba cha upasuaji na rozari yake, na nesi alipomshauri akanywe hata chai, akajibu kwamba mwanawe hajala na yeye hatakula.

Mzee wa usingizi alinikumbuka. Aliuliza swali lake, nikajibu hakuna kitu, akanitazama machoni, akaridhika. Ndani kulikuwa na baridi. Walinifunga kitu cha presha mkononi, wakanibandika vitu kifuani, wakaniuliza jina langu mara tatu kana kwamba ningeweza kuwa mtu mwingine, na kwa kweli nilitamani. Nikamshika yule mzee mkono. Nikamwomba jambo moja: nikianza kuamka, mtu aniambie kwamba niko hai kabla sijashika pua. Niliogopa atacheka. Hakucheka. Akasema, "Nitakwambia mwenyewe." Kisha dawa ikaingia kwenye mshipa, baridi mpaka begani, nikaanza kusali, na sikufika hata kwenye jina la Bwana.

Mama, sijui kama alichelewa au mimi niliwahi. Kitu cha kwanza nilichojua ni kwamba hakuna hewa inayopita puani, hata ile kidogo ya zamani. Mkono ukapanda wenyewe, nikagusa. Pamba. Pande zote mbili, zimejaa, zimekaza. Nikajua nimekwisha. Nilifikiri: kumbe wafu wanajua, kumbe wanalala wakijua. Nilitaka kuita jina lako na ulimi haukuinuka. Sijawahi kuogopa namna ile na naomba Mungu nisiogope tena hivyo. Ndipo sauti ya yule mzee ikaja juu yangu. "Elia, uko hai. Pumua kwa mdomo. Unapumua kwa mdomo tayari, unasikia?" Nikasikiliza, na kweli, mdomo wangu ulikuwa wazi na hewa ilikuwa inaingia na kutoka kwa kelele. Nililia, na kulia na pua iliyojazwa ni kazi, usijaribu.

Siku mbili zile nilikaa badala ya kulala. Damu ilinidondoka kidogo kidogo kwenye kitambaa kilichofungwa chini ya pua, uso umevimba, na nikimeza maji masikio yanaziba. Kila usingizi uliponichukua niliogopa mdomo utafumba na sitajua. Mama Aloyce alinikalia pembeni, na kila nilipofumba mdomo alinigusa kidevu. Siku ya tatu daktari akazitoa zile pamba. Alisema itauma kidogo. Daktari wa watu ni muungwana, lakini hapo alisema uongo kama wangu. Zilikuwa ndefu, zinatoka na haziishi, nikadhani anavuta na ubongo. Ilipokwisha ya pili damu ikafuata, kisha kikaja kitu cha baridi, chembamba, kikapanda puani mpaka nyuma ya macho. Nikauliza ni dawa gani hiyo. Akasema ni hewa.

Nyama zilipelekwa kupimwa na majibu yametoka, si ugonjwa mbaya. Ila daktari ameniambia wazi kwamba zinaweza kuota tena, ndiyo maana kila asubuhi, kabla sijafungua macho, naziba tundu moja na kujaribu la pili. Nimekatazwa kupenga, kuinua mizigo, na nikipiga chafya niache mdomo wazi. Naosha pua kwa maji ya chumvi. Vumbi la miwa nimeambiwa nikae nalo mbali kwa muda, basi Mama Aloyce amenileta hapa Masama, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha marehemu mumewe. Nakaa chini ya migomba na kahawa, nanusa. Nimenusa moshi wa kuni, zizi, udongo uliomwagiwa maji. Jana aliniletea mtori, na kabla ya kuuweka chini akauliza mara mbili kama nimeruhusiwa. Ulinukia, Mama. Kumbe ule wa kwanza niliula bila kuujua.

Nisalimie Neema mwenyewe anayesoma, na mumewe. Nisalimie Shangazi Debora, mwambie radhi zake nilizibeba mpaka mlangoni mwa chumba kile. Nisalimie katekista wetu. Nisalimie Baba Mdogo Yohana, kaka wa Baba, na asomewe hii akitaka, sitamficha. Mama Aloyce anakusalimu sana, anasema aika, yaani asante, kwa kumzaa mtu ambaye ameshindwa kumuua.

Sasa nimesalimia wote na sina pa kukimbilia.

Siku ile Baba Mdogo aliponipa pamba akasema mimi ndiye mkubwa, niliweka upande wa kulia, nikaweka wa kushoto, na mwili wa Baba ulikuwa bado na joto. Tulipotoka kumzika nikaanza kufikiri: je, kama alikuwa hajaondoka? Je, kama pumzi ilikuwa imebaki kidogo na mimi ndiye niliyeiziba? Miaka kumi na moja, Mama. Pua yangu ilianza kuziba mwaka ule ule, na sikumwambia mtu kwa sababu nilidhani najua ni kwa nini.

Lakini nimewekewa na mimi. Nilikuwa sijui nilipo, sijui jina langu, na mdomo wangu ulifunguka wenyewe, haukuningoja. Basi nimekuwa nikikumbuka. Baada ya kuweka pamba nilimtazama Baba kwa muda mrefu, kabla Baba Mdogo hajaja na kitambaa cha kumfunga taya. Nilimtazama mdomo. Haukusogea.

Nataka kuamini nilichokiona. Ila wewe ndiye uliyekuwa umemshika mkono tangu alfajiri, kabla mimi sijaitwa ndani. Mwambie Neema aniandikie neno moja tu, kama ulishauhisi uhai ukimtoka kabla ya pamba zangu. Nitalingoja hapa hapa, mdomo nimefumba.

Mwanao mkubwa,
Elia