Mke wangu anaomba shampeni yake, nami nimeificha ghalani

Mama Kokugonza, shikamoo, na kama mimi ndiye niliyekuzidi umri unisamehe, siku hizi sina akili ya kupima mambo hayo. Naitwa Adelard, mkulima wa ndizi na kahawa huku Isingiro, Kyerwa, umri miaka hamsini na saba, Mkatoliki, nina mke mmoja tu, Eustadia, na watoto wanne ambao wote wamekwisha kutoka nyumbani. Ninakuandikia hapo gazetini kwa sababu huku sina wa kumweleza, kila ninayemfikiria ni ndugu yake au ni mtu wa jumuiya yetu, na nikifungua mdomo neno litamfikia kabla ya jioni.

Mwaka juzi mke wangu alikutwa na kansa ya shingo ya kizazi, tukapelekwa Mwanza, akapigwa mionzi wiki baada ya wiki, akakonda mpaka nikawa namwinua kwa mkono mmoja, halafu akaanza kula, tukarudi, akaweza kufika shambani kwa miguu yake na kung'oa majani chini ya migomba, tukasema Mungu ni mwema. Hapo ndipo binti yetu Joyness, anayefanya kazi hotelini kule Mwanza, alipotutumia chupa ya shampeni kwa basi, nikaifuata Omurushaka kwa bodaboda nikaipakata njia nzima kama kichanga. Ni shampeni ya kweli, siyo ile tamu ya harusini, na juu ya karatasi yake Joyness aliandika kwa kalamu nene MAMA AKIPONA. Eustadia alicheka sana, akasema tangu azaliwe hajawahi kuona pombe imeandikwa habari zake. Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani wakati wa shukrani nikaahidi mbele ya watu wote kwamba siku daktari atakaposema amepona, chupa hiyo itafunguliwa nyumbani kwetu na kila mtu aje aonje hata tone.

Mwezi wa tano mwaka huu tulirudi Mwanza kuangaliwa. Daktari aliniita mimi peke yangu, akasema, "Mzee, ugonjwa umesambaa, mrudishe mama nyumbani mkamtunze asiumie," akanipa dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Nilipotoka nilimkuta mke wangu amekaa kwenye benchi ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, akaniuliza, "Wamesemaje?" nikamwambia unaendelea vizuri, tutarudi Desemba. Uongo huo wa pale kwenye benchi ndio ninaoishi nao mpaka leo, na sasa hawezi hata kuketi bila kushikwa.

Benadeta, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, huja na wenzake kila Alhamisi, huiweka ile chupa mezani, wanaishika wote, wanaomba uponyaji, na ameniambia waziwazi kwamba nikiifungua kabla Eustadia hajapona nitakuwa nimekiri kifo cha mke wangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa sikia nilichofanya. Jumapili mbili zilizopita, mchana, Eustadia aliniita, akasema, "Iwe, wewe Adelard, ile chupa ya Joyness ilete tuinywe." Nikamwambia, "Subiri upone, mama Joyness, si tuliahidi?" Akasema, "Haya," akageukia ukutani. Siku ya tatu nikamsikia anamtuma mdogo wake Vero, anayetusaidia kumwogesha, amletee chupa kutoka kabatini, na mimi, Mama, nikawahi kuichukua kabla Vero hajamaliza kunawa mikono, nikaenda kuifukia ndani ya gunia la kahawa ya maganda ghalani. Vero aliposema haioni, mke wangu akaniuliza, "Umeificha?" nikajibu sijaigusa, labda watu wa maombi wamekwenda nayo. Alhamisi Benadeta alipoiulizia nilimnong'oneza mlangoni kwamba nimeitunza. Mke wangu hajaniuliza tena. Anakunywa uji vijiko viwili, ananyamaza, anaangalia mlango.

Mimi mwenyewe siamini tena kwamba atapona, na hilo sijamwambia hata padre. Lakini kila nikienda ghalani mikono inakataa, naona nikitoa kile kizibo nitakuwa nimemwambia mke wangu basi, nenda, na pengine Mungu alikuwa bado anafikiria, mimi nikamkatiza. Nikiiacha, naona atakufa akiwa amenyimwa na mume wake, na ameishi nami miaka thelathini na mmoja bila kuniomba kitu kikubwa. Niitunze au tuinywe? Nimechoka, Mama. Siku nyingine natamani nitangulie mimi.

Adelard, Isingiro

*

Adelard, nina miaka sabini na miwili, kwa hiyo marahaba. Na pole. Barua yako nilipoirudia mara ya pili ilibidi niiweke chini kwanza nikatembee uani. Sasa kaa vizuri, maana nitakugombeza.

Umemwibia mgonjwa. Chupa ile si yako, si ya Benadeta, wala si ya kanisa. Mtoto alimtumia mama yake. Ukaichukua ukaifukia kwenye kahawa, ukawasingizia watu wa maombi, halafu unaniambia mkeo amenyamaza. Aseme nini na wewe, kila akikuuliza unamjibu uongo?

Tena unadhani hajui? Mwanamke anayegeuzwa kitandani na mdogo wake, unafikiri anaisubiri Desemba? Alijua palepale alipokuona unatoka kwa daktari. Amekuachia uongo wako miezi yote hii kwa sababu aliona wewe unauhitaji kuliko yeye, na sasa nguvu za kukubeba zimemwishia. Ndiyo maana akaomba chupa.

Kuhusu ahadi yako ya kanisani, uliahidi kushukuru, hukuahidi kumnyima mkeo. Mwite padre aje na Mpako wa Wagonjwa, umweleze yote, hatashtuka kuona glasi. Benadeta anampenda Eustadia, sina shaka na hilo, lakini Mungu akitaka kumponya hatazuiwa na kizibo. Alhamisi aje tu kuomba, ila amshike mkono mgonjwa badala ya kushika chupa.

Wewe ni mtu wa migomba, umekamua rubisi, pombe ya ndizi, tangu ujana wako. Ikishaiva huwa unangoja nini? Unaita majirani siku hiyohiyo, unaonja wewe kwanza mbele yao, kisha unawapa, kwa sababu unajua ukiiweka itachacha. Hii ya kizungu inaweza kukaa miaka. Mnywaji wake hawezi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza nenda kwake mikono mitupu, keti kitandani, mwambie alichosema daktari, na mwambie kwamba aliyeificha chupa ni wewe. Akilia mwache alie, na wewe ukilia usitoke nje. Halafu mpigie Joyness apande basi la kesho asubuhi, na wenzake watatu uwaambie ukweli uleule, ila kama hali ni mbaya msiwasubiri, watasikia kwenye simu. Muulize mhudumu wa afya kama akionja kidogo haitagombana na ile dawa ya maumivu. Akikataza asimeze, mloweshe midomo kwa kijiko, inatosha. Chupa izungushie kitambaa kilicholowa maji ipoe, usiitikise, na kizibo ukishike kwa taulo ukizungushe taratibu, maana kikiruka kwa mlio utamshtua. Onja wewe kwanza kama desturi yenu ilivyo, kisha mpe. Inayobaki mpe Vero, amefanya kazi kubwa kuliko sisi sote tunaosema.

Na lile la kutamani utangulie, usidhani nimelipita. Mweleze padre kwa maneno hayohayo uliyoniandikia, na likikujia usikae nalo peke yako ghalani, ondoka uende kwa jirani, hata kama huna la kumwambia. Eustadia akiondoka watoto wale watabaki na mzazi mmoja, nao watakuhitaji ukiwa mzima.

Unaogopa kwamba ukiifungua utakuwa umemwambia nenda. Ndiyo, Adelard, utakuwa umemwambia. Ndicho alichokuitia Jumapili ile, mwagane mkiwa wawili, ukamjibu asubiri. Hawezi kwenda kuitafuta yeye mwenyewe ghalani. Weka gazeti hili chini uende.